Bunduki za "Kidachi" katika Majeshi ya Makoloni ya Marekani: Jina la Bidhaa na Ushahidi wa Kumbukumbu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza neno moja, *Dutch*, kama linavyojitokeza katika kumbukumbu za bunduki za gumegume zilizotumiwa na askari wa makoloni ya Kiingereza ya Amerika ya Kaskazini hadi mwaka 1783. Hoja inayojengwa ni kwamba neno hilo mara nyingi hutaja soko ambamo bunduki ilinunuliwa, na aghalabu halitoshi kuthibitisha mahali ilipofuliwa. Kutokana na hali hiyo, hukumu iliyozoeleka kuhusu ubovu wa "bunduki za Kiholanzi" inahitaji kupimwa upya. Mwisho, makala yanaonyesha kwamba mfasiri wa Kiswahili anakabiliwa na utata uleule katika neno Mdachi.

1.0 Utangulizi

Msomaji anayepekua orodha za silaha zilizopelekwa katika makoloni ya Marekani katikati ya karne ya 18 hukutana mara kwa mara na maelezo mafupi ya karani: idadi ya bunduki, kisha neno *Dutch*, kisha sifa moja au mbili za umbo, kwa mfano kwamba mdeki ni wa mti. Karani hakuwa na haja ya kusema zaidi. Aliyemwandikia alijua ni bunduki za aina gani, zilitoka ghala lipi na zilipaswa kwenda kwa nani. Msomaji wa leo hana ujuzi huo wa pamoja. Ni wepesi kwake kuandika "bunduki za Kiholanzi" na kuendelea na kazi, kana kwamba neno hilo limekwisha kueleza asili ya chuma, ustadi wa mfuaji na nchi aliyoishi.

Tatizo hili si dogo kama linavyoonekana. Juu ya neno hilo moja imejengwa hukumu kuhusu kazi ya mafundi wa taifa zima, yaani kwamba bunduki zao zilikuwa duni na kwamba askari wa makoloni walipewa takataka za Ulaya. Sehemu ya pili ya hukumu hiyo ina ukweli fulani. Sehemu ya kwanza haifuatani nayo, na itaonyeshwa hapa chini kwamba ushahidi unaotolewa kuiunga mkono unahusu jambo jingine kabisa.

2.0 Mtambo na msamiati wake

Kabla ya kuingia katika hoja yenyewe, inafaa kueleza chombo kinachozungumziwa. Kwa bahati njema Kiswahili hakihitaji kukopa sana katika uwanja huu, kwani wasemaji wake walizifahamu silaha hizi kwa karibu katika karne ya 19. Kiswahili huzitofautisha bunduki kwa namna zinavyowashwa au kushindiliwa: kuna bunduki ya mrao, ya gumegume, ya fataki, na ya viasi. Mfuatano huo peke yake ni muhtasari wa historia ya mtambo wa bunduki kwa zaidi ya miaka mia tatu, na haukosi kushangaza kwamba lugha imeuhifadhi kwa unadhifu kuliko vitabu vingi vya historia ya vita.

Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi uliolowekwa dawa na kuachwa ukifukuta polepole. Askari alilazimika kuutunza moto huo muda wote aliotazamia vita. Mvua iliuzima; usiku mwanga wake ulimfichua mwenye bunduki, na harufu yake ilimtangulia msituni. Bunduki ya gumegume iliondoa taabu hiyo. Jiwe gumu lilibanwa katika mkono mdogo wa chuma unaosukumwa na kamani. Kifyatulio kilipovutwa, mkono uliruka mbele na jiwe likapiga kibamba cha chuma cha pua. Cheche zilianguka katika kisahani chenye baruti kidogo, na moto ukapita katika tundu la ubavuni mwa kasiba hadi kwenye baruti iliyoshindiliwa ndani. Yote hayo yalitokea kwa muda mfupi kuliko ule unaohitajika kuyasimulia, iwapo jiwe lilikuwa kali, kibamba kigumu na baruti kavu. Kimojawapo kilipokosekana, bunduki haikulia.

Mtambo wa awali wa aina hii uliitwa kwa Kiholanzi *snaphaan*, jina linalomfananisha mkono ubanao jiwe na jogoo anayedonoa. Kiingereza kiliuchukua msamiati huo na kuutamka kwa namna yake. Mtambo kamili wa gumegume, ambamo kibamba cha kupigwa na kifuniko cha kisahani ni kitu kimoja, huhusishwa na fundi Marin le Bourgeoys wa Lisieux, Ufaransa, mnamo mwaka 1610. Kwa hiyo hata kabla ya kufika Marekani, chombo hiki kilikuwa na umbo lililokamilishwa na Wafaransa na jina lililotolewa na Waholanzi.

Jambo jingine la umbo linalohitaji kutajwa ni mdeki, yaani ufito wa kushindilia baruti na risasi. Mdeki wa mti huvunjika, hasa askari anaposhindilia kwa pupa katika kasiba iliyojaa masizi ya milio ya awali. Jeshi la Prussia lilianza kutumia mideki ya chuma mapema katika karne ya 18, na majeshi mengine yakafuata taratibu. Karani alipoandika kwamba bunduki fulani ina mdeki wa mti, alikuwa akisema bila kusema kwamba ni ya mtindo uliopitwa na wakati.

3.0 Soko la Uholanzi

Katika karne ya 17 Jamhuri ya Uholanzi ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya silaha barani Ulaya. Amsterdam, Rotterdam na Dordrecht zilikuwa na wafanyabiashara walioweza kuliandaa jeshi zima kwa mkataba mmoja, kwa kuwa walikuwa na mitaji, meli, na mawasiliano na mafundi wa nchi nyingi. Louis de Geer, aliyekuwa mashuhuri kati yao, alizaliwa Liège mwaka 1587, akafanya biashara Dordrecht na Amsterdam, akamiliki viwanda vya chuma Sweden, na akafariki Amsterdam mwaka 1652. Maisha ya mtu huyu yanaeleza hali ya biashara nzima. Chuma kingeweza kutoka nchi moja, fundi kutoka nchi ya pili, na mkataba ukatiwa sahihi katika nchi ya tatu.

Liège inahitaji maelezo zaidi kwa sababu ndiyo kiini cha utata. Mji huo haukuwa sehemu ya Jamhuri ya Uholanzi. Ulitawaliwa na askofu aliyekuwa pia mwanamfalme katika Dola Takatifu ya Kirumi, na dola yake ndogo ilijitahidi kubaki nje ya vita vya majirani. Kwa mfuaji wa bunduki hiyo ilikuwa hali ya neema, maana aliweza kumuuzia yeyote. Kazi iligawanywa kwa kaya na vitongoji: wengine walifua kasiba, wengine walitengeneza mitambo, wengine walichonga mbao za kitako, na wafanyabiashara wakakusanya vipande na kuviunganisha. Mto Meuse ulizichukua bidhaa hizo hadi Maastricht, ngome ya Waholanzi iliyokuwa na mafundi wake wenyewe, na kutoka hapo hadi bandari za pwani. Upande wa mashariki, miji ya Kijerumani kama Suhl na Essen ilifua bunduki, na Solingen ilisifika kwa mapanga na visu. Sehemu ya mazao ya miji hiyo nayo ilipitia mikononi mwa madalali wa Kiholanzi.

Hii haina maana kwamba Waholanzi walikuwa wachuuzi tu. Utrecht na Amsterdam zilikuwa na mafundi wenye sifa, pistola za Maastricht zilizopambwa kwa pembe za ndovu bado zinahifadhiwa katika makumbusho, na katika karne ya 18 Culemborg ilikuwa kituo muhimu cha kutengenezea silaha za jeshi la Jamhuri. Ugumu unakuja pale ambapo jina lililochorwa kwenye bamba la mtambo ni la mkandarasi aliyeikusanya bunduki, huku kasiba ikiwa na chapa ya mji mwingine. Katika bunduki ya namna hiyo, swali "imetengenezwa wapi?" lina majibu matatu, na yote ni sahihi.

4.0 Bunduki hizo katika Marekani

4.1 Koloni la Waholanzi

Bunduki za Kiholanzi kwa maana ya moja kwa moja ziliingia Marekani pamoja na Waholanzi wenyewe. Kampuni ya Magharibi ya India, iliyopewa hati mwaka 1621, ilianzisha koloni la New Netherland. Ngome ya Fort Orange, mahali palipo Albany leo, ilijengwa mwaka 1624, na New Amsterdam ikakua katika kisiwa cha Manhattan. Biashara kuu ilikuwa ngozi za wanyama, na wenyeji walioleta ngozi walitaka bunduki. Watawala wa koloni walipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1639 kwa tishio la adhabu ya kifo. Hata hivyo, faida ilikuwa kubwa kuliko hofu, na marufuku haikuwazuia wachuuzi.

Matokeo yake ni kwamba ushahidi bora wa mitambo ya Kiholanzi ya karne ya 17 katika Marekani umetoka katika vijiji na makaburi ya Wairokwai, wala si katika ngome za wakoloni. Uchunguzi wa Jan Piet Puype uliochapishwa mwaka 1985 uliegemea mitambo iliyofukuliwa katika makazi hayo. Wenyeji waliipendelea bunduki isiyohitaji mrao kwa sababu uwindaji na uvamizi wao ulitegemea ukimya. Waingereza wa New England nao walijifunza haraka. Hadi kufikia vita vya mwaka 1675 na 1676 dhidi ya wenyeji, wanamgambo wao walikuwa wamekwisha kuiacha bunduki ya mrao kwa kiasi kikubwa, ilhali majeshi mengi ya Ulaya yaliendelea kuibeba hadi karibu na mwisho wa karne hiyo. Kwa hiyo askari wa makoloni, ambaye baadaye angedharauliwa kwa silaha zake, alikuwa katika jambo hili mbele ya askari wa mfalme.

New Netherland ilitwaliwa na Waingereza mwaka 1664. Kuanzia hapo bunduki mpya zenye jina la *Dutch* zilianza kufika kwa njia nyingine.

4.2 Ghala la London na vita vya miaka ya 1750

Idara ya Zana za Kivita ya Uingereza, yenye ghala lake kuu katika Mnara wa London, haikuweza kutosheleza mahitaji ya vita kwa kutegemea mafundi wa London na Birmingham pekee. Kila vita kubwa ilipozuka, Idara ilinunua bunduki bara la Ulaya kupitia Uholanzi. Ununuzi wa namna hiyo ulifanyika katika Vita vya Urithi wa Hispania mwanzoni mwa karne ya 18, na ukarudiwa kwa kiasi kikubwa katika miaka ya 1740 wakati wa Vita vya Urithi wa Austria. Vita vilipokwisha, bunduki hizo zilirudishwa ghalani. Jeshi la kudumu lilikuwa linapewa bunduki za mtindo rasmi wa Kiingereza uliowekwa kuanzia miaka ya 1730. Zilizonunuliwa nje zilibaki akiba, zikingoja watu wasiopewa kipaumbele.

Watu hao walipatikana mwaka 1754. Mapigano kati ya Waingereza na Wafaransa yalipoanza katika bonde la mto Ohio, serikali ya London iliamuru viundwe vikosi viwili vya watu wa makoloni, kila kimoja cha askari elfu moja, chini ya William Shirley, gavana wa Massachusetts, na William Pepperrell, mfanyabiashara aliyeongoza utekaji wa Louisbourg mwaka 1745. Vikosi hivi vilikuwa vya mfalme kwa mishahara na kwa nambari, 50 na 51, lakini silaha vilivyoletewa kutoka London zilikuwa bunduki za *Dutch* zenye mideki ya mti. Malalamiko yalifuata upesi. Shirley aliripoti kwamba mitambo ilikuwa imechakaa na vibamba vya kupigwa na jiwe vilikuwa laini mno, kiasi kwamba matengenezo ya mara kwa mara hayakusaidia.

Lalamiko hili ndilo msingi wa sifa mbaya ya bunduki za *Dutch* katika Marekani, na ndiyo maana linastahili kusomwa kwa makini. Linasema nini hasa? Kibamba kikiwa laini, jiwe hukikwangua bila kutoa cheche. Ulaini huo waweza kutokana na mambo mawili. Huenda mfuaji hakukitia ugumu wa kutosha tangu mwanzo. Au huenda ugumu huo, ambao kwa kawaida ulikuwa tabaka jembamba la juu, ulikwisha kwa matumizi na kwa kusuguliwa. Lakini Shirley alisema pia kwamba mitambo imechakaa. Bunduki mpya haichakai ikiwa ndani ya sanduku. Maelezo yake, kwa hiyo, yanaelekea zaidi kwenye silaha zilizokwisha kutumika, zikarudishwa, zikahifadhiwa miaka kadhaa na kutolewa tena bila kukarabatiwa ipasavyo. Kosa la namna hiyo ni la mwenye ghala. Mfuaji, awe wa Amsterdam au wa Liège, anaingia katika kesi hii kwa sababu tu jina la soko lake limeandikwa kwenye orodha.

Hatima ya vikosi hivyo inajulikana. Vilipelekwa kulinda Oswego, kituo cha biashara kando ya Ziwa Ontario, vikaishi katika njaa na maradhi, na mwezi Agosti 1756 vikasalimu amri mbele ya jeshi la Montcalm. Ingekuwa kutia chumvi kusema kwamba bunduki mbovu ziliiangusha Oswego; ngome zake zilikuwa dhaifu, na mizinga ya Wafaransa ilizikabili kutoka mahali pa juu. Hata hivyo, silaha za waliotekwa ziliangukia mikononi mwa adui, na hivyo bunduki zilizonunuliwa kwa fedha za Uingereza katika soko la Uholanzi zikawa mali ya mfalme wa Ufaransa katika Kanada. Hakuna jina la taifa lolote linaloweza kubeba safari kama hiyo.

Katika miaka iliyofuata vikosi vya majimbo viliendelea kupewa bunduki za akiba kutoka London, nyingi zikiwa za aina hiyohiyo. Vita vilipomalizika mwaka 1763, baadhi zilirudishwa na nyingine zilibaki katika maghala ya majimbo na katika nyumba za wakulima.

4.3 Vita vya uhuru, 1775 hadi 1783

Tarehe 19 Oktoba 1774 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku kusafirisha silaha na baruti kwenda Marekani. Balozi wake huko The Hague, Sir Joseph Yorke, aliibana Jamhuri ya Uholanzi ifanye vivyo hivyo, na mwezi Machi 1775 Bunge la Jamhuri lilitoa katazo lililoongezewa muda baadaye. Katazo lilikuwa la kweli katika karatasi. Katika kisiwa cha Sint Eustatius, koloni dogo la Waholanzi katika bahari ya Karibi, meli za Marekani zilipakia baruti waziwazi, na bidhaa hiyo ilitoka Ulaya katika vyombo vya kila namna, yakiwamo masanduku ya chai. Tarehe 16 Novemba 1776 ngome ya kisiwa hicho, chini ya gavana Johannes de Graaff, ilijibu salamu ya mizinga ya meli ya kivita ya Marekani, *Andrew Doria*. Waingereza hawakusahau. Walitangaza vita dhidi ya Jamhuri mwezi Desemba 1780, na Admirali Rodney akakiteka kisiwa tarehe 3 Februari 1781.

Inafaa kuwa waangalifu hapa. Kilichopita Sint Eustatius kwa wingi na kwa ushahidi thabiti ni baruti. Kwa upande wa bunduki, msaada mkubwa ulitoka Ufaransa, kwanza kwa siri kupitia kampuni ya Beaumarchais iliyoanzishwa mwaka 1776, kisha kwa uwazi baada ya mkataba wa mwaka 1778. Bunduki za Uholanzi na Liège ziliwafikia Wamarekani pia kwa mikataba ya mawakala wao, lakini mwaka 1775 zilizokuwa tayari mikononi mwao zilikuwa zile za zamani, masazo ya vita vya miaka ya 1750. Mafundi wa makoloni walivunja bunduki kuukuu, wakachukua kasiba ya Kiingereza, mtambo wa *Dutch* na pete za Kifaransa, wakaviunganisha kwa mbao za miti ya kwao. Bunduki nyingi za namna hiyo zimesalia hadi leo, na huwasumbua sana wanaotaka kuzibandika jina moja.

Von Steuben, ofisa wa Prussia aliyefika kambi ya Valley Forge mwezi Februari 1778, alieleza kwamba katika kombania moja mlikuwa na bunduki za kijeshi, bunduki fupi, za kuwindia ndege na za mianzi, nyingi zikiwa na kutu na bila singe. Mchanganyiko huo uliathiri hata risasi. Kasiba ya Kifaransa ilikuwa na upana wa milimita 17.5 hivi, ya Kiingereza ilizidi milimita 19, na za *Dutch* zilikaribia hiyo ya Kiingereza au kuipita kidogo. Risasi iliyosubuliwa kwa ajili ya kasiba pana haiingii katika kasiba nyembamba. Na iliyosubuliwa kwa kasiba nyembamba huyumba katika pana, nguvu ya moto ikivuja pembeni. Kwa msimamizi wa ghala, basi, neno *Dutch* lilikuwa na manufaa: lilimwambia ni kasha lipi la risasi la kufungua. Taarifa hiyo ilimtosha.

5.0 Jina na wafasiri wake

Hadi hapa imeonyeshwa kwamba *Dutch* laweza kumaanisha kilichofuliwa Uholanzi au kilichonunuliwa Uholanzi. Kuna maana ya tatu, nayo ni ya lugha yenyewe. Neno hilo la Kiingereza lina asili moja na *Deutsch* la Kijerumani na *Duits* la Kiholanzi, yote yakitokana na neno la kale lenye maana ya lugha ya watu wa kawaida, tofauti na Kilatini. Waingereza walilitumia kwa muda mrefu kwa Waholanzi na Wajerumani pamoja, wakitofautisha, ilipobidi, kati ya *Dutch* wa nyanda za juu na wa nyanda za chini. Katika Marekani maana pana ilidumu zaidi. Wazao wa Wajerumani walioanza kuhamia Pennsylvania mwaka 1683 wanaitwa *Pennsylvania Dutch* hadi leo, na mababu zao hawakutoka Uholanzi.

Athari yake kwa mada hii ni ya wazi. Katika wilaya ya Lancaster, Pennsylvania, mafundi wenye asili ya Kijerumani walitengeneza bunduki ndefu za mianzi zilizosifika kwa shabaha. Mtu wa jirani aliyesema ana bunduki ya *Dutch* angeweza kumaanisha kazi ya fundi huyo, mwendo wa saa moja kutoka nyumbani kwake. Aidha, Uingereza iliwakodi askari wa Kijerumani wapatao 30,000 katika vita vya uhuru, na karibu 900 kati yao walitekwa Trenton tarehe 26 Desemba 1776 pamoja na silaha zao. Silaha hizo, zilizofuliwa katika nchi za Kijerumani, zingeweza kuingizwa daftarini kwa neno lilelile.

Mfasiri wa Kiswahili anapofika hapa huenda akadhani kwamba anaweza kukaa pembeni na kuutazama utata wa lugha ya watu wengine. Sivyo. Kiswahili kiliwahi kuwa na neno lenye mzizi huohuo, na historia yake imekwenda upande ule ambao Kiingereza cha London kiliuacha. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipoutunga *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima*, Wadachi wake walikuwa Wajerumani waliopigana na watu wa pwani katika miaka ya 1888 na 1889. Waholanzi hawamo kabisa. Baadaye neno Mjerumani lilitawala katika matumizi ya kawaida, na Mdachi likabaki katika tenzi, katika masimulizi ya wazee na katika kamusi. Kijana asiyeyafahamu matumizi hayo, akilisikia neno leo, hulisogeza kwa urahisi kuelekea *Dutch* la Kiingereza, kwa sababu masikio yake yamezoea Kiingereza kuliko utenzi. Matokeo ni kwamba "bunduki ya Kidachi" katika tafsiri ya leo yaweza kusomwa na mzee kama bunduki ya Mjerumani na kijana kama ya Mholanzi, na huenda kila mmoja akawa sahihi kwa bunduki tofauti.

Kwamba jina la bidhaa huifuata njia ya biashara ni jambo ambalo Waswahili hawahitaji kufundishwa. Kitambaa cha pamba kisichopaushwa kiliitwa merikani kwa sababu kililetwa na meli za Salem na bandari nyingine za New England, na wakati Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipoikata biashara hiyo na viwanda vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi, kitambaa kiliendelea kuitwa merikani. Mnunuzi wa bara alijua anachotaka: uzito fulani, upana fulani, nguvu fulani ya uzi. Katika Afrika ya Magharibi bunduki za gumegume ziliitwa kwa Kiingereza bunduki za Denmark, ingawa nyingi zilitoka Birmingham. Hata Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani ulizitaja bunduki, baruti na risasi kama bidhaa za pekee, ambazo katika kisiwa cha Unguja zingeuzwa kwa serikali tu, bila kuuliza zilifuliwa na nani. Mwenye kununua silaha huangalia kama inalia.

Kutokana na mifano hiyo, njia inayofaa kwa mfasiri ni kuliacha swali la asili wazi pale ambapo kumbukumbu yenyewe imeliacha wazi. Pakiwa na chapa ya kasiba, kwa mfano alama ya nguzo ya mji wa Liège, bunduki iitwe ya Liège hata kama muuzaji alikuwa Amsterdam. Pakiwa na ushahidi kwamba mtambo, kasiba na mkusanyo vyote ni vya Culemborg au Utrecht, "ya Kiholanzi" ni tafsiri halali. Katika maandishi ya Pennsylvania, mfasiri aanze kwa kushuku kwamba anayetajwa ni Mjerumani, kisha atafute ushahidi wa kinyume. "Ya Kidachi" itumike tu ikiwa imefungwa katika alama za nukuu na kuelezwa.

Kwa orodha za Idara ya Zana za Kivita, ambazo ndizo nyingi, inapendekezwa kuandika "bunduki za gumegume za soko la Uholanzi". Maelezo ya mdeki wa mti yasiachwe kamwe kwa kisingizio cha ufupi. Kwa vikosi vya Shirley na Pepperrell, mdeki huo unaeleza umri wa silaha na mahali pake katika mpangilio wa ghala la London kwa uhakika zaidi kuliko jina la taifa lililotangulia mbele yake.